Kisengerenyuma, Kipindi cha Kumi na Moja

Karibu, Marisela. Sogeza kiti, jihadhari na kahawa.
Kipindi cha kumi na moja ni chetu sisi wawili
na kinatakiwa Ijumaa.

Kwanza tikisa skrini, kama maji ya beseni
mtu mzito akipita.
Mtazamaji ameshajua: tunarudi nyuma.
Kisha chovya kila kitu kwenye chai iliyopoa,
anga, theluji, meno ya farasi,
maana watu wanaamini zamani hapakuwa na kijani.

Bibi Ottilie ndiye msimulizi. Mpe kiti cha kubembea
na meno bandia yanayochomoka akitaja mwaka:
"Ilikuwa elfu moja mia nane tisini na..."
prup!
na mwaka wenyewe hatutaujua kamwe.
Huo ni ujanja wa Wojtas, kabla hajastaafu.
Tarehe isiyotajwa haina wa kuikosoa.

Familia ni ile ile. Usichore sura mpya, bajeti hakuna.
Baba muuza soseji wa leo ndiye muuza soseji wa enzi hizo,
mbandike masharubu tu.
Jirani anayemdai mashine ya kukatia nyasi
atamdai nyumbu.
Watacheka, kwa kuwa karne nzima imepita
na deni liko palepale.

Halafu uongo. Mdomo useme hivi, picha iseme vile.
Bibi: "Babu yangu aliingia Duluth kwa heshima zake."
Wewe chora pipa la samaki,
miguu miwili ikichungulia juu.
Kinaya hicho ndicho kinacholipa kodi ya jengo hili.

Katikati, mjukuu amkatize:
"Ulijuaje walichosema, na mlango ulikuwa umefungwa?"
Picha igande. Farasi abaki hewani, kwato zote nne.
Bibi atafune biskuti
(sekunde nne, usinipunguzie hata moja)
kisha ajibu: "Mlango ulikuwa mwembamba."
Farasi atue.

Ukipenda, ndani ya hadithi mtu aanze kukumbuka,
na ndani ya kumbukumbu yake mwingine naye ashike paji la uso,
mtikisiko juu ya mtikisiko,
mpaka tufike kwa samaki anayelikumbuka yai.
Ila toka kwa mlango ulioingilia.
Msimu wa tatu nilimsahau mtu ndani,
seremala mmoja. Yumo hadi leo, na nyundo yake.

Sasa hii picha uliyobandika juu ya meza yako.
Unasema uliitafuta kwa ajili ya vifungo vya makoti.
Wanaume kumi na mmoja mbele ya kiwanda cha soseji,
na chini, kwa wino, majina kumi na moja.
Pembeni yuko mwanamke wa aproni.
Aligeuka kamera ikiwa bado wazi,
uso wake ukawa moshi.
Jana uliniuliza: huyu tumvishe sura ya nani?
Nikajifanya natafuta kifutio.

Nimelala nalo swali hilo, Marisela.
Mama hawezi kuwa yeye, wala binti, wala jirani.
Miaka kumi na minne nachora watu hawa,
sijawahi kuwa na uso wa akiba.

Basi mchore. Nyuma ya pipa, fremu kumi na mbili,
nusu sekunde tu, asitamke neno, asichekeshe.
Aproni yake iwe ya kijani,
kijani kibichi, usiichovye kwenye chai.
Hapo hapo sufuria ya leo ianze kuungua jikoni,
moshi upande, kengele ilie,
Bibi ashtuke, skrini itikisike,
turudi sebuleni tulikoanzia.

Na mtayarishaji akija na ile kalamu yake nyekundu,
akigonga fremu, akiuliza huyu ni nani,
mwambie Bibi alikuwa ndiyo kwanza anamtaja jina,
meno yakachomoka.