Tayari?

Gitaa la umeme ukilipiga kavu
ni kama kusema peke yako ndani ya kabati la nguo:
neno latoka, latua, lafa papo hapo.
Ndiyo maana fundi Figueredo wa Makadara,
kabla hajauliza amplifaya yako ina ubovu gani,
huipiga teke dogo la ubavuni
akasikiliza radi iliyo ndani.
"Springi zi hai," husema. Au: "Hii, kazike."

Kwake ndiko nilikojua kuwa mwangwi nao una ukoo.
Wa kwanza ulikuwa chumba chenyewe:
spika pembe hii, maikrofoni pembe ile,
kuta za chokaa, mlango umefungwa,
sauti ikaambiwa nenda urudi.
Kisha bamba la chuma, refu kupita kitanda,
limening'inizwa lisiguse kitu,
likitetema kama ngozi ya punda aliyetuliwa na nzi.
Zito. Lataka watu wanne, lataka studio, lataka pesa.
Sisi hatukuliona; tulilisikia tu kwenye santuri za watu.

Zilizotufikia ni springi.
Tatu, nyembamba, ndani ya kibati
ambacho ungedhani ni cha biskuti.
Sauti huingia huku, ikatapatapa,
ikarudi imelowa. Imelowa: neno la Figueredo hilo.
Chengo alipopiga harusi ile ya Kisauni
mtoto mmoja aliruka jukwaani kwa miguu miwili,
springi zikagutuka, ngwaraaa!
bibi harusi akatazama juu, akidhani mabati yanaanguka.

Sasa Chengo ana kiboksi cha kukanyaga.
Ukumbi ni namba nne. Bamba, sita. Kanisa, saba.
Kuna na mng'aro, unaorudisha noti imepanda oktava
kama mtoto anayemuiga babake kwa dhihaka.
"Hiyo saba ni kanisa la nani?"
"La yeyote," akasema, akaendelea kukaza nyuzi.

Basi shangazi Mwanamize alipouza nyumba ya Kibokoni,
nami nimeambiwa kwamba mshindo mmoja watosha,
mkali, mfupi, kisha kompyuta
huipitisha kila noti ndani ya mshindo ule
hadi noti iamini kuwa imo chumbani,
nilishuka na rekoda katika birika la maji ya mvua,
kavu tangu sijazaliwa,
na juu nikamwachia yeye vibao viwili.
Akagonga. Pa!
Mwangwi ukazunguka chokaa, ukarudi, ukapungua,
sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na kabla haujaisha
akainama kwenye mdomo wa birika:
"Tayari?"

Nikamwomba arudie. Akasema mikono yamuuma,
na tena nyumba si yake, aigongegonge ya nini.
Jumatatu wakaja wenye nyundo.

Ningeweza kulikata lile neno.
Alama mbili, kidole kimoja, basi.
Chengo alinihimiza. Sikukata.
Hivyo kila noti ninayopiga
hukimbia kwenye kuta ambazo hazipo,
na mkiani, kwa sauti ya uzi niliougusa,
mnene au mwembamba, huuliza: tayari?
Nikizikwaruza nyuzi zote sita
huuliza sita, kila mmoja na wake,
na hawangojani.

Figueredo alikuja kusikiliza.
Aliizunguka kompyuta mara mbili
akitafuta mahali pa kuipiga teke.

Shangazi nilimpelekea Likoni, kwenye simu.
Aliiweka sikioni, akaitoa, akaitazama, akairudisha.
"Huyo si mimi," akasema.
"Mimi niliuliza mara moja tu."