Sutra ni Uzi

Mgongo ndio ulionipeleka, si roho.
Miaka ishirini na minane juu ya cherehani ya miguu
pale Kibuye, safu ya nyuma, mkabala na wauza ndala,
hadi uti ukapinda kama ndoana
na daktari wa hospitali ya Russia akaandika: anyooshe mwili.
Nikanyoosha. Jumamosi, ukumbi wa shule, na akina mama wa benki:
mbwa, nyoka, mti, maiti,
mimi niliyekuwa nimekauka kama mbuta aliyeanikwa.
Mwezi wa tatu nikagusa vidole vya miguu.
Nikajiona nimefika.

Bi Kokilaben Raichura ndiye aliyenicheka.
Alikuja kupunguziwa blauzi, inchi moja kifuani,
akanikuta nyuma ya pazia nimesimama kwa mguu mmoja.
“Fundi,” akasema, kwa Kiswahili cha duka la babake,
“umenunua kifungo. Shati bado.”

Sasa kila Alhamisi, saa kumi,
nyumba yenye 1934 iliyochongwa juu ya mlango,
tunakaa barazani. Yeye kitini,
kitabu kimevikwa kitambaa chekundu;
mimi mkekani.
Anausoma mstari kwa Kisanskriti,
anautafuna kwa Kigujarati,
ananitolea kwa Kiswahili,
na Kiswahili kikimpungukia ananikasirikia
kana kwamba nimekificha mimi.

Siku ya kwanza aliniuliza sutra ni nini.
Nikasema mawaidha. Mafumbo. Maneno ya watakatifu.
Akavuta uzi mweusi ulioning'inia begani mwangu,
akauweka kiganjani.
“Hiyo.”
Nilirudi sokoni nikatazama vibunda vyangu vya uzi
kama mtu aliyemsikia shangazi yake redioni.

Na asana? Kikao. Kikao tu!
Basi ningekuwa mtakatifu wa Kibuye zamani.

Nayaandika kwenye daftari la vipimo:
Mama Rispa, nyonga arobaini na nne.
Prana, pumzi.
Sare za kwaya, kumi na sita, kola ya mviringo.
Ahimsa, kutodhuru.

Hapo ndipo tulipokwama.
Nilitaka mstari unaofuata, nilitaka kusimama kwa kichwa
kabla ya Krismasi.
Akauliza, “Wiki hii umedhuru nani?”
Nikasema nimekula sukuma na omena tu, mama.
Akasema hajauliza habari za sufuria.

Nikamkumbuka Obonyo, mwanafunzi wangu,
alivyokata kitambaa cha suti upande,
mita mbili na nusu za watu,
na utepe wangu wa kupimia ulivyolia shavuni mwake
mbele ya wateja.
Sikusema.
Lakini pumzi ilikatika, na yeye amezoea kusikiliza pumzi.
Akafunga kitabu.
Wiki ya pili, neno lilelile. Wiki ya tano, lilelile.
Magugu yaliondoka ghubani, yakarudi.

Nyumbani Peres anauliza nimeingia dini gani.
Namwambia bado naimba besi Jumapili.
“Basi huko umejifunza nini?”
Neno moja, nasema. Bado moja.
Anacheka hadi chai inamwagika.

Jana umeme ulipotea saa nane. Joto la mabati.
Suruali ya shule, mguu mmoja mfupi.
Mkono wangu ukaenda shingoni, kwenye utepe.
Nikavuta pumzi. Haikutosha. Nikavuta ya pili,
na hapo nikaona Obonyo anavyokunja bega la kushoto,
upande uleule,
kabla sijasema kitu.
Bega lile nimelipinda mimi.
Hakuna mkao wa Jumamosi utakaolinyoosha.

Nikakaa. Chini, juu ya vipande vya kitambaa.
Nikasema: lete, pindo lina akiba, tufumue.
Tukafumua, yeye mguu wake, mimi mguu wangu,
hadi muadhini wa alasiri akamaliza.
Hakunitazama hata mara moja.

Leo ni Alhamisi. Sijui kama nitamwambia Bi Kokila,
wala kama atafungua ukurasa.
Nimebeba blauzi yake.
Kuna uzi mweusi begani. Nimeuacha.