Nusu Kilo ya Jumamosi

Mtui wa bucha pale Kiborloni
amenisimamisha leo, kisu mkononi:
"Mama Aikande, tumekosana?"
Nikamwambia hapana. Ni hesabu tu,
na goti la mzee, lile la kushoto,
linalovimba kila tukitoka kwenye ndafu.

Jumatatu nilipika kiburu:
ndizi mshare, maharage ya juzi, magadi kidogo.
Mzee akazamisha upawa,
akatafuta hadi chini ya sufuria
kama mtu aliyeangusha shilingi kisimani.
"Nyama imeyeyuka?"
Haikuwemo, Baba Aikande. Kula.

Jumatano, mnafu na ngogwe,
dagaa kiganja kimoja, kwa ajili ya harufu.
Hakuuliza. Alitaka pilipili.

Anayeninunia ni mbwa.
Alizoea mfupa wake wa saa mbili usiku;
siku hizi analala ng'ambo ya mfereji,
kwa watu wanaochoma kila jioni.
Asubuhi anarudi, ananusa sahani moja moja,
kisha ananitazama
kama anayedai.

Jumamosi nitakwenda kwa Mtui.
Nusu kilo, yenye mfupa.
Nyama tutagawana.
Mfupa una mwenyewe.