Ruhusu Wote

Niliongeza maktaba moja tu kwenye mradi,
nikawasha. Programu nzima ikajifunga
kama duka la Bondeni saa ya Ijumaa.
Fomu nisiyoichora: jina, nywila, kitufe.
Nywila yenyewe imetemwa kwenye konsoli,
herufi na tarakimu zisizo maana,
mpya kila niwashapo.
Bawabu asiyemjua hata aliyemwajiri.

Sikumlaumu. Heri kufuli kuliko uwazi.
Lakini Bi Mwanarusi wa Kongowea,
marobota yake ya mitumba yamo kontenani Kilindini,
anataka kujua neno moja: limetoka, au bado?
Anajibiwa: ingia kwanza.
Aingie na nini, na akaunti hana?

Bwana Shabbir kasimama nyuma ya kiti changu,
kikombe cha tangawizi mkononi.
"Fungua tu. Tutarekebisha baadaye."
Nikaandika darasa langu la usanidi,
kanuni zangu zikazifuta za kuzaliwa nazo,
na juu kabisa, kwa haraka:
ruhusu wote.

Wote wakapita.
Hata ankara zikapita.
Saa nane simu kutoka Changamwe:
"Dada, huyu Mbwarali anadaiwa laki nane.
Mimi nimejulia wapi?"

Jasho. Feni inazunguka, jasho.

Nikaikumbuka nyumba ya nyanya, Kibokoni.
Baraza ni ya mpita njia.
Daka ni la mwenye shughuli.
Ndani,
hata mjomba alisimama akasubiri aitwe.
Hakuna aliyeyaandika popote.
Hodi tatu; kukiwa kimya, rudi.

Nikapanga upya, jembamba kabla ya pana:
/fuatilia, yeyote.
/ankara, mwenyewe aliyejitambulisha.
Na lolote nililolisahau, lisiwe na mlango.
Maana mashine husoma kutoka juu,
ikipata jibu haishuki tena;
neno la jumla likitangulia
mengine yote ni mapambo.

Jioni Bi Mwanarusi akatuma ujumbe:
"Nimeliona, limetoka. Mbona maandishi madogo hivi?"

Ila kuna mstari mmoja.
Kinga ya fomu za kughushi niliizima mchana ule,
ilikuwa ikiikataa fomu yangu mwenyewe.
Pembeni nikaandika: itarudishwa.
Huu mwezi wa tano.
Usiku, Tudor, natia komeo,
navuta mlango mara mbili kuhakikisha,
nazima taa,
na mstari ule nauona.