Uso Huu Sina Kioo Chake

Karatasi ilikuja ndani ya bomba la bati,
imezoea kujikunja; ukiifungua inarudi,
kama mtoto anayekataa kuamshwa.
Tumeweka jiwe la mizani pembe tatu,
na pembe ya nne, kiatu changu.

Huyu hapa Jibrili, futi tisa kwa penseli.
Bwana Teodori aliyemchora hakuwahi kufika Weti.
Alijifunza watu kwa kutazama mawe:
pua imeshuka kama timazi,
mikunjo ya joho imesimama wima, nguzo kwa nguzo,
hapana upepo, hapana jasho,
na Mariamu aliyetokewa wala hakushtuka,
kashika kitabu kama anayengoja zamu hospitali.
Mbawa zina nambari. Moja, buluu. Nne, dhahabu.
Saba, nyekundu ya komamanga.

Na pembeni, kwa wino mweusi uliogeuka hudhurungi,
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
mkono wa Fundi Mjaka Faki, aliyekata vioo:

“Buluu hii ya kwao. Jua la kwao linabisha hodi,
la hapa linavunja mlango. Nimetia nzito.”

“Mguu mrefu. Nimepunguza inchi mbili.”

“Hapa kimevunjika melini.
Nimetia chupa ya mafuta ya nyonyo.”

Kumbe! Na mimi miaka yote
nilidhani kijani kile chini ya kisigino
kimevuka bahari.

Kisha maandishi yanapanda, yanapita kifua, shingo,
yanafika usoni, yanasita.
Pana doa la wino, kalamu ilitua ikafikiri.
“Uso huu sina kioo chake.”

Hakuandika zaidi.
Kioo kilikuwapo. Kimo kwenye hesabu ya sanduku:
vipande vitatu, rangi ya ngozi, vimefika salama.

Basi dirishani, ukuta wa magharibi,
Jibrili ana mbawa, ana joho, ana yungiyungi mkononi,
na pa uso pana kioo kitupu,
cha kawaida, cha dirisha la jikoni.
Mapadri waliagiza uso mwengine. Ukachelewa. Wakahamishwa.
Sisi tulioimba humo utotoni tuliona usoni pake
kunguru, waya wa umeme,
shuka la Bi Zuwena wa ng’ambo ya barabara likikauka,
na siku moja mtu juu ya mkarafuu, anajikuna.

Mwaka ule wa mawingu, mwezi ishirini na tisa Shaabani,
mtaa mzima uko nje, shingo zimechoka,
Bi Agnesi Mabruki alikuwa ndani anafunga.
Akainua macho:
mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa,
umekaa pale pale pa uso.
Alitoka mbio na ufagio. “Umeandama! Uko kwa Jibrili!”
Wakacheka. Sheha akasema ushahidi huo una walakini.
Lakini watatu waliingia, viatu mlangoni kwa mazoea,
wakasimama kati ya mabenchi,
wakatoka hawasemi kitu,
na mmoja akaanza kuuliza nani ana tende.

Uso wa karatasini ni mzuri, sitasema uongo.
Midomo imetulia. Macho hayana mboni.
Mchwa wamekula kiganja, wamekula nusu ya kitabu cha Mariamu,
hapo hawakugusa.

Watu wa makumbusho wanasema sasa fedha ipo,
uso utakatwa, utapakwa, utatiwa; wiki mbili, basi.
Wananiuliza mimi kwa kuwa funguo ninazo.
Nimewaambia waniachie karatasi usiku mmoja.

Navaa kiatu changu.
Pembe ya nne inajikunja taratibu,
inamfunika Jibrili mpaka kidevuni.