Jua la Chini ya Nyumba

Taa za kwanza zilikuwa nyeupe kupita kiasi:
stesheni ikafanana na wodi,
misonobari ya sponji ikapauka kama wagonjwa.
"Julai gani hii?" akauliza Eino. "Julai ya mochwari?"
Tukazishusha.

Nje, Sudbury, saa kumi alasiri giza limeshaingia,
theluji imefika kwenye kitasa.
Huku chini, shemeji na shemeji,
tunapima dari kwa futi na penseli.

Drili anayo yeye. Mimi, Réjean, mrefu wa bure,
nabana ubao darini kwa kichwa na viganja viwili:
sentimita kumi na tano kwenda chini,
uso rangi ya ukuta, mgongo mweupe,
taa ijifiche, mwanga ubaki.
Skrubu ya tisa ikaponyoka, tukaisaka nusu saa.
Nadhani iko mtoni, chini ya daraja.

Kwenye kona plaiwudi iligoma kupinda.
Tukailowesha, tukaibembeleza, ikapasuka.
Ya pili ikakubali, kwa manung'uniko.

Kisha swichi.

Sikuona balbu hata moja.
Niliona saa nne asubuhi,
mabehewa ya madini yenye vumbi la kutu,
na yule mwanamke wa plastiki, kimo cha ukucha,
aliyesimama jukwaani miaka kumi na mmoja
bila kivuli.

Sasa anacho. Kimelala hadi ukingoni mwa reli.

Eino hakusema kitu. Akafuta miwani,
akainama, akamgeuza kidogo,
jua lisimpige machoni.