Picha ya Ushahidi

Kazi yangu ni paspoti saizi.
Shuka la buluu ukutani, kiti kimoja, "inua kidevu,"
na watu wa Farkwa hukaa kimya kama wanaosomewa hukumu.
Basi Nyemo Chilongani alipoingia dukani akasema
afisa wa wanyamapori anataka picha,
bila picha hakuna kifuta jasho
(jina kubwa kwa pesa isiyonunua hata leso),
nilicheka. Tembo hainui kidevu.

Tukapanda kichuguu kando ya uwele wake,
upepo ukitupiga usoni. Ndivyo itakiwavyo, alisema,
pua zao zisitusome.
Saa kumi na mbili na robo. Jua limeshuka
hadi kiunoni mwa vilima vya Swagaswaga,
na vumbi la mto Bubu, mkavu tangu Julai,
limesimama hewani, halitaki kutua.

Sikuwasikia.
Nilidhani ukubwa hutanguliwa na kishindo;
hawa walikuja kama usingizi,
hawapo, kisha wapo.
Saba. Ndama ameshika mkia wa mamaye
kama mtoto wa chekechea anayevushwa barabara.

Nikafungua lenzi mpaka mwisho wake.
Mwanga uliobaki haujai kijiko.
"Piga masuke," Nyemo ananong'ona, "piga wanavyong'oa!"
Nami nimekwama kwenye sikio moja, sikio lenye tundu:
jua limepita nyuma yake
na mishipa yote imewaka,
mito, vijito, matawi ya vijito,
maji mengi kuliko wilaya nzima.

"Unasubiri nini?"
Ningemwambiaje kwamba nasubiri ageuke?
Kwamba kwa pumzi mbili, tatu,
nilisahau uwele ule ni wa nani.

Picha kumi na moja. Ya kumi na mbili fleshi ikajilipukia.
Mama mkubwa akageuka, akatukabili,
kidevu juu.
Sijui tulishukaje kichuguuni. Kiatu changu kimoja kiko kule bado.

Afisa aliitazama ile ya sikio muda mrefu.
"Nzuri," akasema. "Sasa shamba liko wapi?"
Akachukua ya mwisho, iliyotikisika:
mabua yamelala, na juu yake ukungu wa kijivu
ambao ungeweza kuwa ng'ombe, au lori, au mvua.
Akaigonga muhuri.

Nyemo alirudi dukani Jumatatu.
"Nisafishie na ile ya sikio," akasema.
"Nataka nimjue aliyenilia."
Akahesabu sarafu mezani,
bei ya paspoti, kamili.